Maji na Umeme Bakuli Moja

Machi 4

Fundi redio kasema niandike. Kila siku, hata mstari mmoja. "Zege, mikono yako ina akili lakini haina kumbukumbu." Zege ni jina alilonipa yeye, kwa sababu kibarua changu ni kuchanganya zege kwenye majengo. Daftari ni la mtoto, la hesabu. Naandikia kurasa za nyuma.

Leo mvua. Zege halimwagwi mvuani. Nyapara katurudisha nyumbani saa nne.

Machi 5

Niandike kwa nini nilienda kwa fundi, nisije nikajidanganya baadaye.

Mke wangu alikufa mwaka jana kwa umeme. Alikuwa anamchemshia mtoto maji ya kuoga kwa hita ya ndoo. Sakafu ilikuwa imelowa. Tangu siku ile nimeshusha swichi kuu ya nyumba, tunatumia taa ya betri, mimi na mtoto. Ana miaka tisa.

Wiki iliyopita mama mkwe kapiga simu. Ni mshonaji, anakaa mji mwingine, saa tatu kwa basi. Kasema mvua zikiisha anakuja kumchukua mtoto, akae kwake moja kwa moja.

"Nyumba ile siiamini, baba. Na kulea mtoto gizani si kulea."

Nikasema, mama, nitarudisha umeme.

"Nani ataurudisha? Wewe?"

Mtoto akiondoka nabaki na kuta.

Basi nikaenda kwa fundi redio, yule mama mwenye kibanda karibu na mashine ya kusaga. Nikamwomba aje anifungie umeme upya. Akasema yeye hafungi nyumba, ana miaka sitini na mbili, ngazi hapandi. "Kaa ujifunze." Nikamwambia naogopa. Akauliza naogopa nini hasa. Nikasema maji na umeme.

Akavuta boksi chini ya meza kwa mguu. Ndani mna mashine iliyotupwa na daktari wa meno, ya kuoshea vyombo vyake. Bodi imeungua, bakuli limetoboka. Lakini vichwa viwili vizima. Kichwa ni kitu kizito, kama kikombe kidogo cha chuma, na katikati kina vidonge vya kauri. Ukikipa umeme kinatetemeka mara elfu arobaini kwa sekunde. Ukikigandisha chini ya bakuli la maji, maji yanatetemeka, uchafu unatoka hata kwenye tundu ambalo sindano haiingii.

"Mafundi pikipiki watatuletea kabureta zote za mji," akasema. "Na wewe utaona maji na umeme vinakaa bakuli moja na hafi mtu. Ukiiweza hii, taa za nyumba ni mchezo."

Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema.

Machi 8

Nimelehemu waya ishirini kwa risasi. Fundi kazitazama. "Umefinyanga matonge." Zote kazikata.

Machi 9

Mvua. Waya ishirini tena. Nzuri moja.

Machi 12

Jua. Zege siku nzima. Vidole vimekakamaa, sikuweza hata kushika koleo dogo. Nimekaa kibandani nikamtazama tu.

Machi 15

Leo mita. Unaweka ncha mbili, inakwambia kama umeme upo au haupo. Fundi kasema sheria ni moja. Hata ukijua umezima, hata ukiwa umechomoa plagi mwenyewe kwa mkono wako, pima. "Umeme hauna haya. Unaweza kukaa pale umenyamaza kabisa."

Na mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Unafanya kazi na wa kulia tu. Ukipigwa, umeme usipate njia ya kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ukapita moyoni.

Mke wangu alikuwa ameshika ndoo kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine. Sikumwambia fundi.

Machi 17

Mvua, radi. Mtoto kajificha chini ya meza. Nami nilitamani.

Machi 22

Nimepigwa. Kuna kitu kwenye bodi mpya tunayoiunda kinaitwa kapasita, kinatunza umeme hata ukichomoa. Nilichomoa, nikashika, sikupima. Mkono ulirushwa mpaka ukapiga ukuta. Kidole kina alama nyeupe.

Nilikaa chini nje ya kibanda. Fundi hakunipa pole.

"Umepima?"

"Hapana."

"Sasa utapima."

Nyumbani mtoto kaona kidole. Kauliza nini. Nikasema saruji. Kakishika kidole, kakiangalia sana. "Saruji haifanyi hivi, baba." Huyu mtoto ataniua.

Machi 23

Sikwenda.

Machi 24

Sikwenda. Mama mkwe kapiga simu, anauliza saizi ya nguo za mtoto. Anamshonea sare ya shule ya huko kwao.

Machi 25

Nimekwenda.

Machi 30

Bakuli jipya la chuma kisichoshika kutu. Nimelisugua chini kwa msasa, nimegandisha kichwa kwa gundi ya mirija miwili. Ikae siku mbili bila kuguswa.

Fundi kanichorea. Maji ndani ya bakuli. Kichwa chini, nje. Chuma cha bakuli kinafungwa waya wa ardhi. Umeme ukitoroka, unapitia waya huo, fyuzi inakatika, wewe unabaki unashangaa. Nikamuuliza, na kama waya wa ardhi haupo? Akasema, "Basi wewe ndiye waya wa ardhi."

Nimeliandika hilo mara mbili kwenye karatasi nyingine.

Aprili 2

Gundi haijakauka. Hewa yenyewe imejaa maji. Shati nimelianika tangu Jumatano.

Aprili 4

Kichwa kimebanduka. Kimedondoka mezani kikatoa mlio wa kikombe. Fundi kasema kizima. Tunaanza upya. Safari hii chini ya taa ya moto.

Aprili 9

Nimevunja kichwa cha kwanza.

Kilikuwa kimeganda vizuri. Bodi mpya ilikuwa tayari, tumeiunga nyuma ya balbu kama fundi alivyonifundisha. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna kosa. Ikiwa hafifu, endelea. Ilikuwa hafifu. Nikafurahi kama mjinga. Fundi alikuwa anahudumia mteja. Mimi nikasema ngoja niwashe sekunde mbili tu nisikie. Bakuli halikuwa na maji.

Mashine hii haiendi kavu. Maji ndiyo yanayobeba ule mtetemo. Bila maji kichwa kinajitetemesha chenyewe mpaka kipasuke. Kilitoa sauti ya jino likivunjika.

Fundi aligeuka. Akatazama bakuli, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ulikuwa unaogopa maji," akasema, "sasa yamekukomoa kwa kutokuwepo."

Mteja akacheka. Kimebaki kichwa kimoja. Mvua zikipungua mama mkwe atakuwa mlangoni.

Aprili 11

Zege. Nyapara kauliza kwa nini nimeweka mkono mmoja mfukoni. "Umekuwa bosi siku hizi?" Sikujua kama nimeuweka.

Aprili 16

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za jengo tusilolimaliza. Sikutaka kurudi nyumbani mapema.

Leo fundi alinipa kazi ya waya wa plagi. Uliopo ulikuwa mfupi, nikauunga na kipande kingine. Nikafanya kama tunavyofanya kazini. Unamenya waya, unasokota shaba kwa shaba, unakata utepe wa tyubu ya baiskeli, unauvuta kwa nguvu unaviringisha, unafunga fundo. Kazini kila kibarua anajua. Vichanganyio vyote vya zege vimefungwa hivyo. Nilifunga safi, nikajisifu moyoni.

Fundi akaushika. Akaugeuza.

"Nani kakufundisha hii?"

"Kazini. Tunafanya hivi siku zote."

Akachukua wembe, akaupasua mpira mbele yangu. Akasema mpira wa tyubu ni mweusi kwa sababu una masizi ndani. Si ganda la waya. Ukipata joto unakauka, unapasuka nyufa ambazo jicho halizioni. Ukilowa, maji yanaingia kwenye nyufa, na ule mpira wenyewe unaanza kupitisha. "Ukiweka hiki kwenye kitu kinachovuta umeme mwingi, hita kwa mfano, unamchimbia mtu kaburi. Ni suala la siku tu."

Alisema hita. Hakujua. Alikuwa anatafuta mfano.

Nikasema naenda kujisaidia. Sikurudi.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Waya wa ile hita ulikuwa mfupi. Mke wangu alisema, baba, huu haufiki bafuni. Nikauunga mimi. Mpira wa tyubu, fundo safi. Siku ya msiba watu walipouliza nikasema waya ulitoka dukani vile vile, una kasoro. Niliukata ule waya nikautupa chooni kabla hawajautazama. Nilidhani ninaficha aibu ndogo, kwamba niliunga waya. Nilikuwa naamini mpira ule haukuwa na kosa, kwamba ilikuwa bahati mbaya tu. Leo ndiyo nimejua.

Mama mkwe ana mwaka mzima analilaani lile duka. Kila akipiga simu.

Aprili 17

Hakuna.

Aprili 18

Hakuna.

Aprili 20

Fundi kaja kazini kunitafuta, na mwavuli, na miguu yake mibaya. Kasimama kwenye matope mbele ya vibarua wote.

"Zege, umeacha mashine yangu nusu."

Nikamvuta pembeni nikamwambia. Yote. Alisikiliza huku anatazama kichanganyio kikizunguka, waya wake umefungwa mpira mweusi sehemu nne.

Hakusema ni kudra, kama wanavyosema watu. Alisema, "Ulikuwa hujui. Sasa unajua. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, maana sasa una kazi." Kisha akamwita nyapara akamwonyesha zile sehemu nne. Nyapara akasema zina miaka mitano hazijaua mtu. Fundi akasema, "Zinasubiri."

Aprili 23

Nimemwomba nyapara achomoe kichanganyio nikibadilishe viungo. Kakataa. Mchana mvua ilipotusimamisha nikamwomba tena. Kasema fanya, lakini kikiharibika ni juu yako. Nimefanya kwa konekta, vile vibano vya skrubu vya kuungia waya, na makasha ya plastiki. Wenzangu wananiita mhandisi. Mmoja anasema nimeoa tena, mke ni yule bibi wa redio. Wacheke.

Aprili 27

Nyumbani nimetoa viungo vyote vya zamani, nimeweka vipya. Nimepima mara tatu. Fundi kanituma nirudi nipime ya nne. Swichi kuu bado iko chini. Nimeshika, mkono ukakataa kuipandisha. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Akaenda kuwasha taa ya betri.

Mei 2

Imefanya kazi.

Kichwa cha pili, gundi imekauka sawasawa. Waya wa ardhi nimeukaza kwa nati mbili. Maji hadi mstari. Nimepima. Mkono wa kushoto mfukoni. Balbu hafifu. Nikaondoa balbu, nikawasha.

Hakuna kelele. Kuna kitu kama mafuta ya moto kwenye kikaango cha jirani, shiii, kwa mbali. Maji yamekunjana juu kama ngozi. Mbwa wa mashine ya kusaga alianza kubweka akakimbia. Fundi akasema mbwa anaisikia, sisi hatuisikii. Akakata kipande cha karatasi ya aluminiamu, ile laini ya kufungia chakula, akakining'iniza ndani ya maji. Dakika moja. Akakitoa akakiinua kwenye mwanga. Kina vitundu kama kimechomwa kwa sindano mia.

"Hayo ni maji yamekitoboa," akasema. "Maji matupu."

Kisha tukaweka kabureta. Wingu jeusi likatoka humo lenyewe, bila brashi, bila mtu kugusa. Nilitazama mpaka maji yote yakawa chai.

Nikachomoa, nikasubiri, nikapima, ndipo nikatia mkono kwenye maji. Hayakunifanya kitu.

Mei 4

Mama mkwe kasema Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Njia zimeanza kukauka huko kwao. Nimpangie mtoto nguo.

Mei 6

Leo limetokea jambo. Naandika upesi.

Mtoto alirudi kutoka shule, tukakaa tunapanga nguo kwenye begi. Nikamuuliza kama anataka kwenda. Akasema, "Kwa bibi kuna taa. Nitasoma." Akakunja sketi, akanipa niitie kwenye begi. Kisha akasema, "Ila ikinyesha inakonyeza."

"Inakonyezaje?"

"Inazima, inawaka. Na ukishika dirisha linakutekenya. Bibi anasema ni ubaridi."

Sketi ilinidondoka.

Nyumba ya mama mkwe niliifunga umeme mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa kijana, nataka sifa ukweni. Nikapitisha waya darini toka sebuleni hadi chumba cha cherehani, juu ya madirisha yale ya chuma. Vipande vipande, kwa sababu waya nilikuwa nimeokota kazini. Kila kiungo, mpira wa tyubu. Mama mkwe aliita majirani waje waone. "Mkwe wangu kanifungia, hata sikumlipa."

Miaka kumi na moja ule mpira uko chini ya bati.

Nikapiga simu. Kwake kunanyesha, nilisikia bati.

"Mama, zima swichi kuu."

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo mama. Zima swichi kuu sasa hivi. Usishike dirisha."

"Nina gauni la mtu kwenye mashine, anakuja kulichukua jioni. Nizime kwa nini?"

"Zima kwanza, nitakueleza."

"Sizimi mpaka unieleze."

Mtoto alikuwa ananitazama. Nilitaka kutoka nje. Nikaona hapana, aliyekufa ni mama yake.

Nikasema. Waya wa hita haukutoka dukani vile, mama. Niliuunga mimi. Kwa mpira wa tyubu. Huo mpira ndio uliomuua. Na kwako darini upo huo huo, niliuweka mimi.

Bati tu. Mvua. Kisha simu ikakatika.

Nimepiga mara sita. Haipokelewi. Sijui amezima. Sijui ameshika nini.

Mtoto kaendelea kukunja nguo. Akaikunja ile sketi mara tatu. Halafu akauliza, "Ulijua?"

Nikamwambia sikujua. Nimejua mwezi uliopita.

"Utaenda kwa bibi?"

"Basi la kwanza asubuhi."

"Nenda na ile mita," akasema.

Mei 8

Jana nimemwacha mtoto kwa fundi, nimechukua mita, konekta, makasha na waya mpya. Saa tatu za basi sikukaa vizuri hata dakika moja. Kila simu ya abiria ikilia naruka.

Nilipofika alikuwa amekaa kizingitini, anashona kwa mkono. Ndani giza. Nikatazama ukutani nyuma yake. Swichi kuu ilikuwa chini. Nikashika ukuta.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Ngazi iko nyuma."

Nikaweka ngazi. Kabla ya kugusa nikapima, mkono wa kushoto mfukoni.

"Toa mkono mfukoni. Unasimama mbele ya mama mkwe wako."

Nikamweleza. Umeme usipite kutoka mkono hadi mkono, moyo uko katikati. Uzi ulikuwa umemkatikia, alikuwa ameushika tu.

"Basi weka," akasema.

Nilikumbuka viungo vitano. Vilikuwa vinane. Cha tatu, juu ya dirisha la chumba cha cherehani, mpira ulikuwa umekuwa kama lami kavu na shaba imechungulia, upana wa kucha kutoka kwenye fremu. Chumba ambacho mtoto angelala. Nilikaa pale juu ya ngazi mpaka ngazi ikaanza kutikisika. Kumbe ni mimi. Yeye akaja akaishika kutoka chini.

"Nipe hicho," akasema.

Nikampa ule mpira. Akauweka kiganjani, akaukunja, ukavunjika.

"Ndio huu?"

"Ndio mama."

"Wa siku ile ulikuwa kama huu?"

"Ndio."

"Mwaka mzima nimelaani duka la watu."

Nikahamia kiungo cha nne.

Nikabadilisha vyote vinane. Kila mpira alinyoosha mkono, nikampa, akautia kwenye kopo la vifungo. Fremu ya dirisha nikaifunga waya wa ardhi. Nikapima yote. Saa kumi nikamwambia apandishe swichi.

"Pandisha wewe."

Nikapandisha. Taa ikawaka, ikatulia. Nikaenda kushika dirisha kwa nyuma ya kidole. Baridi. Akaja naye akalishika, kwa kiganja kizima, akaacha mkono pale muda mrefu.

"Sijakusamehe," akasema, kichwa kimeelekea dirishani.

"Najua mama."

"Kwako umeshawasha?"

"Nimefunga upya. Sijawasha. Naogopa."

"Kawashe. Mtoto asome." Akaondoa mkono dirishani, akaupangusa kwenye kanga. "Ungeweza kuninyamazia. Ningemlaza hapa."

"Ndio."

"Jumatatu ana shule. Ya huko kwenu. Usikose basi la mwisho."

Nikakusanya vyombo. Nikiwa mlangoni akaniita. Alikuwa ameburuta godoro dogo kutoka chumba cha cherehani, jipya, bado lina nailoni yake.

"Nilimnunulia yeye. Hapa litakaa bure."

Nikalibeba kichwani hadi stendi. Mvua ilinipiga njia nzima. Godoro halikulowa.